Mgeni wa Bwana Shamba

Mimi mbwa siwapendi. Nianze na hilo ili tusidanganyane. Nilikua na mbwa wa ulinzi, wale wanaofungwa mchana nyuma ya zizi na kufunguliwa jioni. Walikula makombo, wakabweka, wakafa, wakaletwa wengine, na hakuna aliyewalilia. Kwa hiyo mtu akiniuliza ilikuwaje nikawa na mbwa wa Kichina anayelala kwenye varanda yangu kama mkwe, namwambia akae chini kwanza. Siwezi kumweleza mbwa bila kumweleza Bwana Shamba, na Bwana Shamba hakuwa mtu wa kuelezwa ukiwa umesimama mlangoni.

Jina alikuwa nalo, na ukoo wake huku Uru tunaufahamu. Lakini hata watoto wake wakinipigia simu waliuliza, "Mama Neema, hebu tuangalizie, Bwana Shamba amekula?" Alikuwa bwana shamba wa kahawa tangu mimi msichana. Akastaafu, ofisi ikachukuliwa na wengine, cheo kikabaki kwake. Kihamba chake na changu, yaani mashamba ya urithi tunamoishi, vinapakana. Katikati kuna mstari wa mimea ya masale na mfongo, mfereji wetu wa maji unaotoka juu mlimani, basi. Akikohoa kwake nasikia kwangu. Nikimkaripia ng'ombe wangu, yeye anaitikia ng'ambo, "Mwache mnyama, umemkamua vibaya wewe!"

Alikuwa hakai. Huyo mtu sijui alizaliwa na siafu miguuni. Asubuhi ukitoka kwenda kukata majani ya ng'ombe unamkuta keshapanda mpaka kanisani na kurudi, anatembea katikati ya kahawa za watu, mkasi wa kupogolea uko mfuko wa koti. Mkasi ule! Alikuja kwako kukupa pole, akaondoka ua wako umekatwa. Kwenye msiba mmoja, watu wanaimba, jeneza liko sebuleni, tukasikia huko nje kacha, kacha, kacha. Bwana Shamba yuko kwenye kahawa ya marehemu anapunguza matawi. Shemeji wa marehemu akamfuata kwa hasira.

"Mzee, hata leo?"

"Aliniahidi atayakata haya tangu masika," akasema, wala hakugeuka. "Mimi ndiye nimekuja kumsaidia kutimiza."

Alikuwa na maneno yake, na tuliyachoka. "Punguza, usiue." Hilo alilisema kwa kahawa, kwa chumvi, kwa viboko vya watoto. Lingine lilikuwa, "Mche usioujua usiuguse." Halafu yeye mwenyewe anagusa kila kitu. Alizunguka kata nzima akihimiza watu wakate kahawa nzee zichipue upya, na nyumbani kwake, mbele ya dirisha la chumba cha kulala, kuna mashina ya kahawa ya mama yake yamepinda mpaka yanalala, hayazai chochote, na ole wako uyaguse. Masale ya mpakani aliyacheka. Watu wa huku tunajua, mtu akikukosea sana, akaja kwako na jani la sale limefungwa fundo, humfukuzi. Utamsikiliza, na mwisho utamsamehe, hata kama roho inauma. Bwana Shamba alisema huo ni uvivu wa kuongea. "Huo ni mmea wa mpaka, Mama Neema. Mtu ana mdomo, anapeleka jani la nini?"

Sasa mbwa. Desemba sisi tunarudi nyumbani, hilo halina mjadala. Magari yanapanda kutoka Dar yamejaa watoto na soda, mbuzi wanachinjwa, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha. Januari yanashuka, na vinavyobaki huku juu ni vile ambavyo Dar haivitaki tena: friji linalonguruma, kochi lililobonyea, televisheni ya mgongo. Kwa Bwana Shamba vilijaa stoo nzima. Januari moja kijana wake mkubwa akaacha mbwa.

Nilikuwepo, nimepeleka maziwa. Mbwa alikuwa mkubwa, rangi ya udongo wa tanuri, shingoni ana manyoya kama simba, mkia umejikunja mgongoni, uso umekunjamana kama mzee aliyeamshwa usingizini. Alitembea kwa miguu ya nyuma iliyonyooka, utafikiri haina magoti. Watoto wa jirani wakapiga kelele, "Dubu! Dubu!"

"Anaitwa chau-chau," kijana akaeleza. "Aina ya zamani sana hiyo, ya Uchina. Huko walikuwa wanalinda na kuwinda naye kwenye baridi. Tulimnunulia watoto akiwa mdogo hivi, kama mdoli. Dar joto linamuua, baba, anashinda kwenye kiyoyozi. Huku kwako kuna baridi, mtaelewana."

"Na mimi nani ameniuliza kama nataka kuelewana?" akasema Bwana Shamba.

Gari likashuka. Mbwa akalifuata mpaka getini, akakaa pale. Akakaa siku hiyo, akakaa kesho yake, akakaa wiki. Hakulia, hakubweka, hakula. Bwana Shamba alimwekea nyama, akaiangalia tu. Akamwekea ugali kwa maziwa yangu, nzi ndio waliofaidi. Ubavu ulianza kuhesabika chini ya manyoya yale yote. Mimi nilisema wazi, "Huyo anakufa, na utazika mbwa wa Kichina kwenye kihamba cha baba yako." Nikamuuliza anaitwaje. Watoto wa Dar walimwita Tedi, lakini Bwana Shamba alikataa kumwita hivyo.

"Simpi jina mpaka nijue kama anakaa," akasema. "Kwa sasa ni mgeni."

Basi akawa Mgeni, jina likanasa.

Namna alivyokula mara ya kwanza nilisimuliwa na mwenyewe, kwa mshangao mkubwa, kama mtu aliyeona maajabu kwake mwenyewe. Alikuwa ameshagundua kwamba akimtazama usoni, mbwa anageuza kichwa. Akimwita, haji. Akimsogelea, anahama. Ndipo akachukua bakuli la mtori, supu nzito ya ndizi, akaliweka kwenye ngazi ya mlango, yeye mwenyewe akakaa ngazi ya chini, akampa mgongo. "Nilikaa, Mama Neema," akaniambia. "Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Nikasikia ulimi kwenye bakuli." Mtu asiyeweza kukaa mpaka padri amalize mahubiri! Niliingia jikoni nikijifanya naangalia sufuria, maana machozi yalinilenga, na kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya mbwa.

Kuanzia hapo akaanza kumsoma kama alivyosoma udongo. Akanifundisha na mimi, wala sikuomba. Kwamba mbwa wa aina hii hachezi na kila mtu, usimtarajie atingishe mkia kwa sababu umefika. Kwamba anachagua mtu mmoja. Kwamba ni msafi kuliko baadhi ya wanaume wa kijiji hiki, anajilamba kama paka na hanuki. Na jambo la mgongo. "Ukimwona anakutazama usoni, bado anakuchunguza," alisema. "Akishakukubali anakuja kukaa karibu, anakupa mgongo, anatazama getini. Maana yake wewe hukaguliwi tena. Sasa anakulinda." Mimi Mgeni alinitazama usoni mwaka mzima. Kila asubuhi nikipeleka maziwa, macho mawili madogo kwenye manyoya, yananitazama kama nimeiba kitu.

Habari ya ulimi sasa. Jumuiya yetu ya kanisa inasali kwa zamu, kila wiki nyumba moja, na zamu ya Bwana Shamba ikafika. Tumekaa sebuleni, rozari inaendelea, Mgeni kalala mlangoni. Siku hiyo joto lilikuwa kali, akafungua mdomo kuhema. Mwenyekiti wetu, mama mmoja mnene mwenye sauti, akaacha Salamu Maria katikati.

"Yesu na Maria! Mbwa amelishwa sumu!"

Tukatazama. Ulimi ulikuwa mweusi wa zambarau, wote, mpaka kooni, kama wa mtoto aliyetoka kula zambarau huko Kahe. Sikufikiri. Nilikimbia kwangu, nikaruka mfongo, nikarudi na maziwa, kwa maana sumu huku kwetu inapozwa kwa maziwa. Wanaume wawili wakamshika, mimi namimina, mwenyekiti anaita majina ya watakatifu, mbwa anapambana, sebule nzima maziwa. Bwana Shamba alikuwa chooni. Alipotoka alitukuta tumemkalia mgeni wake.

"Mnafanya nini nyie?"

"Tunamwokoa! Ulimi umekuwa mweusi!"

Akatutazama mmoja mmoja. "Ulimi wake ndivyo ulivyo. Mbwa wa aina yake wote wako hivyo." Halafu akaokota rozari yake sakafuni, akaipangusa maziwa. "Tulikuwa tumefika wapi?"

Kijijini wakapata la kusema. Mbwa analala ndani, mbwa anakula mtori, Bwana Shamba anamnenepesha ndani kama mbuzi wa ndafu, wa kuchomwa mzima, siku ya Pasaka tutaalikwa. Yeye alipita katikati ya maneno hayo na mkasi wake, mbwa nyuma yake, wote wawili wamenuna, hawaamkii mtu mpaka waamkiwe. Ukisema "Shikamoo, Bwana Shamba," anajibu "Marahaba, kahawa yako ina kutu ya majani," anapita.

Lakini alimkosea mara moja, na nilikuwepo. Februari moja jua lilitupiga hata sisi wa juu. Mgeni alihangaika, anatoka jua anaingia kivuli, anatoka kivuli anakwenda kulala ndani ya mfongo, kifua na tumbo majini, anaziba maji ya zamu ya watu. Kabichi zangu zilikauka nikiwa na haki yangu ya maji! Nilipiga kelele mpaka ng'ambo ya pili wakasikia. Bwana Shamba naye akaanza kuhangaika, hajui afanye nini, anazunguka nyumba. Mwisho akatoa mkasi.

"Unataka kufanya nini?"

"Mti ukizidi majani unafanyaje?"

"Bwana Shamba, huyo siyo kahawa."

"Napunguza, siui."

Akamkata mgongo wote. Mgeni alisimama kimya akakubali, maana aliyemkata ni yeye. Baada ya siku chache ngozi ikawa nyekundu, ikababuka, akajificha kwenye jiko la zamani asitoke. Daktari wa mifugo akaja, akasema manyoya yale ni kama paa la nyasi, yanazuia baridi na yanazuia jua, umeezua nyumba ya mwenzio wakati wa jua. Bwana Shamba aliingia ndani moja kwa moja. Alikwenda kabatini akatoa kanga ya marehemu mkewe, ile ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa, hata binti yake, akamfunika nayo mbwa mgongoni na kuifunga fundo chini ya tumbo. Wiki nyingi mbwa alitembea Uru na kanga. Watu walicheka mpaka wakachoka. Na tangu hapo, kila alipotaka kumshika Mgeni, kwanza alitoa mkasi mfukoni, akauweka chini, mbali, akamwonyesha mikono mitupu. Manyoya yaliota yakarudi, na tabia ile haikuisha.

Bwana Shamba alianguka msimu wa kuchuma kahawa, kwenye mteremko ulio chini ya nyumba. Mimi sikusikia kitu. Nilichosikia ni mbwa asiyebweka akibweka. Nilitoka mbio nikamkuta Bwana Shamba kalala ubavu kwenye majani ya migomba, nyonga imekataa, na Mgeni kasimama juu yake kanipa mimi uso na meno. Hakunipisha mpaka mzee aliposema, "Mwache huyo. Mjinga lakini mwema." Ndivyo alivyonisifia.

Hospitali walisema moyo nao si mzima. Binti yake, yule anayeishi mtaa wa Soweto, mjini, akasema basi, imetosha, baba anashuka nikae naye karibu na hospitali. Hakukosea. Mtoto mwema yule. Ila nyumba yake ina kiwanja cha saruji kisichokuwa na mti, na mwanawe ana pumu ya kulazwa. Mbwa wa manyoya pale haingii. Kijana wa Dar akasema kwenye simu, "Si tumpe mtu yeyote? Mbwa ni mbwa."

Bwana Shamba hakubishana nao. Kwenda alikubali. Kilichomnyima usingizi ni pale getini. Alikumbuka wiki ile ya kwanza, mbwa kakaa anatazama barabara, hali chochote. "Atakaa tena pale," aliniambia, anatembea na magongo yake mawili huku na huku kwenye varanda, gogo, gogo, gogo, mpaka kichwa kikaniuma. "Atakaa pale afe. Safari hii hakuna wa kumpa mgongo."

"Kaa chini, Bwana Shamba."

"Mchukue wewe."

Nilijua linakuja. "Aka! Mimi? Ng'ombe watatu, kuku, mume yuko Kahe kwenye mpunga anarudi akitaka. Na huyo mbwa wako hanipendi, ananitazama kama polisi. Tafuta mwingine."

"Mwingine hayupo."

"Basi mwulize mwenyekiti wa jumuiya." Nikaondoka, nina hasira, na hasira zaidi kwa sababu nilijua mwingine hayupo. Siku zile sikutulia. Nilikamua ng'ombe nikawaza geti, nikalala nikawaza geti. Nilimchukia kila mtu.

Jumapili baada ya misa nilisikia magongo kwenye njia yangu. Njia ile ina mteremko, na yeye alikatazwa mteremko. Nikatoka nimekasirika tayari, nimeshika mwiko. Bwana Shamba kasimama uani anahema, kavaa koti la kanisani, mbwa yuko pembeni yake. Na mkononi, pamoja na gongo, ameshika jani la sale limefungwa fundo.

Nikashusha mwiko. Yeye aliyeyacheka masale!

"Nani amemkosea nani?" nikauliza, sauti imebadilika.

"Mimi nakukosea wewe," akasema. "Nakukosea mapema. Atakusumbua, atakuzibia maji, atakufanya uchekwe. Na atakataa chakula chako mpaka roho ikutoke. Utakuja kunilaani, na mimi nitakuwa Soweto. Ndiyo maana nimekuja nalo sasa." Akaninyooshea jani. 

Mtu aje na sale, umfukuze? Hata kama mkono haujui unachofanya, unapokea. Nililipokea. Lakini kupokea si kusamehe. Kusamehe kunasemwa kwa mdomo, na mdomo wangu ulikataa, kwa sababu nilimwonea uchungu nikaona haya. Nikachomeka jani juu ya mlango, nikaingia ndani kupika.

Bwana Shamba akaanza kazi. Miche ya kahawa ikitoka kitaluni huipandi juani siku hiyohiyo, itaungua. Unaondoa kivuli kidogo leo, kidogo kesho kutwa, mpaka izoee jua. Ndivyo alivyofanya. Alimleta mbwa kwangu asubuhi akakaa naye, kesho yake akapunguza muda kidogo, siku nyingine akaondoka akajificha kwenye migomba. Nilimwona, koti linaonekana, gongo linaonekana, mzee mzima kajificha akimchungulia mbwa. Akaacha kumlisha kwa mkono wake, akanipa mimi bakuli. Mgeni alipompelekea kichwa, mzee akageuza uso pembeni. Hilo ndilo lililoniuma. Mbwa anasimama mbele yake, anasubiri mkasi uwekwe chini na mikono mitupu ije, na mzee anatazama mlima.

"Mshike basi, hata mara moja," nikamwambia.

"Nikimshika tunaanza upya."

"Wewe una roho gani?"

"Hii hii," akasema. "Inauma, kama unataka kujua."

Januari, magari yaliposhuka, Bwana Shamba alishuka nayo. Nyumba ilifungwa, funguo nikaachiwa mimi. Mgeni alikwenda getini kwa Bwana Shamba akakaa.  Siku ya kwanza nilimwacha. Ya pili nikabeba bakuli la mtori, nikakaa chini kwenye vumbi, mimi mtu mzima, nikampa mgongo. Watu walipita barabarani, "Mama Neema, umepatwa na nini?" Nikawaambia waende zao. Niliwaza ng'ombe hawajakamuliwa, niliwaza mvua, nilitaka kuinuka kila dakika, nikamtukana Bwana Shamba kwa Kichagga chote ninachokijua. Nilikaa. Kesho yake nikarudi nikakaa. Sijui ni siku ya ngapi niliposikia ule ulimi. Wala sikugeuka.

Mzee alikataza mbwa asipelekwe mjini. Kila simu aliuliza, "Anakula?" nikisema anakula, anakata simu. Miezi ikapita hivyo. Halafu binti akapiga mwenyewe. "Mama Neema, baba anakudanganya kwenye simu, hayuko vizuri. Mtoto nimempeleka Njoro kwa bibi yake mwingine mpaka jioni. Mlete mbwa, nitapiga deki. Yeye hajui."

Jirani mwenye pikapu anayeshusha ndizi sokoni alitupeleka. Kadiri tulivyoshuka ndivyo joto lilivyopanda, Mgeni anahema na ulimi wake mweusi nje. Niliogopa mambo mawili. Niliogopa kwamba akimwona mzee atagoma kurudi na mimi, na niliogopa kwamba hatagoma.

Bwana Shamba alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kwenye kile kiwanja cha saruji, chini ya kijikivuli cha paa. Amekaa. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Amekonda, koti limekuwa kubwa.  Mgeni akasimama.

"Shikamoo, Bwana Shamba."

"Marahaba." Macho yake kwa mbwa. Akaingiza mkono mfuko wa koti kutoa mkasi auweke chini. Mfuko ulikuwa mtupu, mkasi uko juu Uru kwenye stoo na friji. Akapapasa, akapapasa tena, akakumbuka. Akanyoosha mikono yake mitupu hivyohivyo.

Mgeni alikwenda. Pole pole, kwa miguu yake isiyo na magoti. Akanusa mkono mmoja, akanusa wa pili, akakaa nao muda mrefu. Akainua uso akamtazama Bwana Shamba machoni.  Kisha akageuka, akavuka kile kiwanja cha moto, akaja mpaka miguuni pangu, akaketi. Alinipa mgongo. Alikuwa anamtazama mzee.

Nilitaka ardhi ipasuke. Nilitaka kumsukuma kwa mguu, arudi, ajifanye. Nilifurahi pia, hilo nalisema, nilifurahi kwa namna ambayo sijawahi, na nikajichukia kwa kufurahi. Binti aliyekuwa mlangoni na ndoo ya maji alidhani mbwa amesahau, akasema, "Jamani, baba, pole."

"Pole ya nini?" akasema Bwana Shamba. Machozi yalikuwa yanashuka na yeye hayapangusi. "Mche umeshika. Huoni? Umeshika."

Tulikaa kidogo. Akaniuliza kahawa ya mama yake, nikamwambia imelala vilevile na hakuna aliyeigusa. Akaniuliza maji ya mfongo, nikamwambia mbwa wake ameziba. Akasema si mbwa wake. Jua likapanda, kivuli cha paa kikatuhama, Mgeni akaanza kuhema kwa nguvu lakini hakuinuka mpaka mimi nilipoinuka. Nilipofika getini, kamba mkononi, neno likanijia, lile lililokuwa limekaa juu ya mlango wangu na jani kavu tangu Jumapili ile.

"Bwana Shamba," nikamwita. "Ile sale yako. Nimekusamehe."

Alinitazama kama alivyomtazama kila mwanakijiji aliyemkuta anapogoa kahawa baada ya msimu kupita.

"Umechelewa," akasema. "Nenda basi, jua linamchoma mwenzako."